Mhunzi wa Mafia na Chuma Kilichovuka Bahari

Atembeaye katika kisiwa cha Mafia, kutoka Kilindoni hata Kanga upande wa kaskazini, na kutoka Kirongwe hata Utende panapotazamana na kisiwa kidogo cha Chole, hukanyaga mchanga na jiwe la tumbawe siku nzima, na hata akichimba kisima kirefu hakuti chini yake mtapo wa chuma. Maana kisiwa hiki, chenye urefu wa kilometa zipatazo 50, kilichosimama mkabala wa midomo ya mto Rufiji, ni kazi ya bahari na mchanga wake, wala hakina ile miamba ya kale ya bara ibebayo madini. Ilhali katika kisiwa hiki hiki ni taabu kupata riziki isiyopita katika mkono ulioshika chuma. Mgema hupanda mnazi na kotama kiunoni, mfua nazi husimamisha kifuo chenye ncha kali na kuichania makumbi, mpishi huketi juu ya mbuzi akakuna nazi kwa ulimi wake wenye meno, mkulima hutegemea jembe na mundu, mvuvi hushusha baura na kutupa ndoana, na fundi wa vyombo huchonga mataruma kwa tezo na kutoboa mbao kwa keekee. Kisiwa kisicho na chuma kimeishi kwa chuma kwa karne nyingi, na aliyekiwezesha kuishi hivyo ni mhunzi, ambaye vitabu vya taarikhi vimemtaja kwa uchache usiolingana kabisa na haki yake.

Namna hii ya kumsahau mhunzi si kawaida ya kila nchi iliyopata kutawaliwa na wageni. Katika Amerika ya Kaskazini, koloni la Waingereza la Massachusetts huhesabu mwanzo wa sanaa yake ya chuma kwa mwaka na kwa majina ya watu: John Winthrop mdogo, mtoto wa gavana, alivuka bahari kwenda Uingereza mwaka 1641 kutafuta wenye mali wa kuanzisha kampuni, na kufikia mwaka 1646 tanuri kubwa lilikuwa linajengwa kando ya mto Saugus, likilishwa mtapo uliokusanywa katika vinamasi. Hapo ndipo alipofanya kazi Joseph Jenks, mfua chuma aliyetoka Uingereza, ambaye mwaka huo huo wa 1646 baraza la koloni lilimpa hati ya kulinda maarifa yake ya kutengeneza mashine za maji na zana za makali, na mwaka 1655 akapewa hati nyingine kwa ajili ya fyekeo la kukatia majani lililokuwa bora kuliko lile la zamani. Jasho la kazi hiyo halikuwa la watu huru peke yao, kwani wafungwa wa Kiskoti waliotekwa katika vita vya Dunbar mwaka 1650 walipelekwa huko kutumikishwa, na kampuni yenyewe haikufika mbali kabla ya kuzama katika madeni. Lakini jina la Jenks limebaki, na mahali pake pa kazi pamejengwa upya ili watoto wa shule wapate kupaona. Walowezi wale walikuwa wamekuja kukaa, na mtu ajaye kukaa hutaka shoka, bawaba na misumari karibu na mlango wake, hata ikiwa serikali ya kwao ingependa anunue vyote kutoka ng'ambo.

Pwani yetu ilipita njia nyingine. Hapa ukoloni haukuleta mhunzi wa kwanza, bali ulimkuta mhunzi kazini. Haukuwasha tanuri la chuma, bali ulikuja na bidhaa na sheria zilizoyazima matanuri yaliyokuwa yakiwaka. Hiyo ndiyo tofauti ambayo napenda msomaji aishike, kwa kuwa tumezoea mno kufundishwa kwamba ufundi wa chuma uliingia Afrika ya Mashariki pamoja na reli.

Ushahidi umo ardhini, na sehemu yake moja imo Mafia kwenyewe. Katika kisiwa cha Juani, kilicho mashariki ya Chole, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua katika uwanja wa Shule ya Msingi Juani na kukuta mabaki ya makazi ya watu wa zama za mwanzo za chuma, wa karibu karne ya 5 na ya 6 Miladia, yaani miaka mingi kabla ya mtu yeyote kusimamisha ukuta wa mawe katika mji wa kale wa Kua kisiwani humo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye amechunguza pango la Ukunju katika kisiwa hicho hicho, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuchimbua Limbo, katika wilaya ya Kisarawe, mahali palipojaa mavi ya chuma, yale mabonge mazito meusi yanayobaki pindi mtapo unapoyeyushwa, yaliyoachwa na wayeyushaji wa karne za mwanzo za Miladia. Kusini ya Mombasa, pale Galu, Profesa Chapurukha Kusimba ameonyesha habari kama hiyo kwa pwani ya Kenya. Kwa hiyo watu waliovuka mlango wa bahari kutoka bara kuja kukaa katika visiwa vya Mafia walikuwa watu wenye shoka, na wala hawakungoja jahazi la mgeni liwaletee.

Hata hivyo jahazi la mgeni lilikuja, na chuma kilikuwa ndani yake. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 kinachoeleza safari za bahari ya Hindi kinasema kwamba katika soko la Rhapta, ambalo wataalamu kadhaa wanalitafuta karibu na Rufiji, wafanyabiashara walileta mikuki iliyofuliwa makusudi kwa ajili ya watu wa pwani hii katika bandari ya Muza huko Yemeni, pamoja na vishoka, majambia na nyuma za kutobolea. Kitabu hicho hicho chataja kisiwa kiitwacho Menuthias, ambacho wengine wasema ni Unguja au Pemba na wengine wasema ni Mafia, chenye vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja. Hapo pana jambo la kuzingatiwa: watu waliokuwa na chuma cha kutosha kutengenezea zana za kuchongea mbao hawakukitia chuma hicho katika ubavu wa chombo. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi tangu mkuku hadi ukingo, na sanaa hiyo ilidumu pwani hata karne ya 20. Sababu zake ni za akili njema. Kamba ilikuwa ikiota juu ya minazi ya kila kijiji na chuma kilikuwa ghali. Tena chombo kilichoshonwa hujipinda kidogo kinapogonga mwamba au kinapoburutwa mchangani, mahali ambapo ubao uliokazwa kwa msumari hupasuka.

Miaka elfu moja baadaye mizani ilikuwa imegeuka. Al-Idrisi, mwanachuoni wa jiografia aliyemwandikia mfalme wa Sisilia kitabu chake mwaka 1154, alieleza kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba biashara ya chuma ndiyo iliyowapa faida kubwa kuliko zote. Akaongeza kuwa chuma cha Sofala kilinunuliwa na wafanyabiashara waliokipeleka Bara Hindi, ambako mafundi wake walikifua wakapata panga za feleji zilizosifiwa duniani. Basi pwani iliyokuwa ikinunua mikuki ya Yemeni sasa iliuza chuma ng'ambo. Mafia, iliyokaa katikati ya njia ya vyombo vya Kilwa na vya kaskazini, haikuwa mbali na tijara hiyo, ingawa yenyewe haikuwa na mtapo wa kuuza.

Mhunzi wa pwani alikuwa na heshima yake, na heshima hiyo ilikuwa na sura mbili. Kwa Mwislamu wa Mafia chuma si kitu duni: sura ya 57 ya Kurani Tukufu imepewa jina la chuma, na kwingineko katika Kitabu hicho Nabii Daudi anasimuliwa kuwa alilainishiwa chuma akafua deraya. Na kwa desturi za bara, ambazo hazikuwa ngeni kwa watu waliovuka kutoka Rufiji, mhunzi alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo kwa sababu alishika moto ugeuzao jiwe kuwa kitu kingine. Kwa Wapare, kazi ya uhunzi ilikuwa ya ukoo wa Washana, wala mtu wa ukoo mwingine hakujitwalia tu nyundo akaanza kufua. Katika Ufipa, ambako Profesa Bertram Mapunda amefanya utafiti mrefu, tanuri liitwalo lilungu lilijengwa kwa udongo likapita kimo cha mtu, likavuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto, na chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Na katika Buhaya, mtaalamu wa Kimarekani Peter Schmidt alipowaomba wazee katika miaka ya 1970 wayeyushe chuma kama walivyofanya ujanani mwao, wazee hao, walioacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, walijenga tanuri, wakachoma makaa, wakatoa chuma. Maarifa yalikuwa yamekaa mikononi mwao muda wote huo.

Ikiwa twataka kumtafuta mhunzi wa kigeni anayeweza kufananishwa na Jenks wa Massachusetts katika Afrika ya Mashariki, aliye karibu zaidi ni Alexander Mackay, Mskoti aliyesomea uhandisi, aliyeshuka Unguja mwaka 1876 akiwa mmisionari wa Kianglikana na kufika Buganda mwezi Novemba mwaka 1878. Yeye hakuja na kampuni wala mtaji. Alikuja na tezo, msasa na kiriba cha mhunzi, na pale Natete alijenga karakana ambamo vijana walijifunza kufua, kuchonga na kupiga chapa. Mwaka 1882 Kabaka Mutesa alipofiwa na mama yake, Mackay ndiye aliyetengeneza jeneza kubwa la shaba lililowashangaza watu wote. Lakini katika ua wa Kabaka huyo huyo palikuwa tayari na mhunzi mwenye cheo, ambaye kwa Waganda cheo chake ni Walukaga, mkuu wa wahunzi wa mfalme. Mmoja wao, Nuwa Walukaga, alibatizwa, akasoma, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo pamoja na Wakristo wenziwe kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mackay mwenyewe alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria, mwezi Februari mwaka 1890. Naona katika hadithi hii ukweli ambao mara nyingi hupitwa: mgeni mwenye nyundo alifika akamkuta mwenyeji mwenye nyundo, na wawili hao wakaheshimiana kama mafundi.

Mwaka ule ule wa kifo cha Mackay ndio ulioamua mustakabali wa Mafia. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana pwani, na Mafia, iliyokuwa milki ya Sultani wa Unguja, iliangukia kwa Wajerumani, ambao walimlipa Sultani maki milioni 4 kwa ajili ya pwani yote ya bara pamoja na kisiwa hiki. Makao yao yalikuwa Chole, katika mji wa Waarabu wenye mashamba ya minazi, hata walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Mpelelezi Oskar Baumann alipita kisiwani mwaka 1895, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya Mafia. Kilichotakiwa hapa na serikali mpya, kama ilivyokuwa kwa Waarabu kabla yake, kilikuwa nazi kavu na kodi. Chuma kilikuwa cha kuletwa melini.

Na kililetwa kwa wingi. Majembe ya viwanda vya Ujerumani na baadaye ya Uingereza yalishushwa Dar es Salaam na Tanga, yakafuata reli ya Usambara, iliyoanzwa mwaka 1893, na ile ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Huko nyuma jembe lililofuliwa na Warongo wa Buzinza lilikuwa mali iliyotembea: lilipelekwa na misafara Unyamwezi, likatumika mashambani na katika mahari. Jembe la kiwanda lilikuwa rahisi kwa bei, nalo likalipunguzia jembe la mhunzi soko lake. Wakati huo huo kodi iliwataka vijana waende kutafuta vibarua katika mashamba ya katani na katika kazi za reli, ili wapate fedha. Na kuyeyusha chuma ni kazi inayotaka vijana wengi wa kuchimba mtapo, kukata miti na kuvuta mivukuto usiku na mchana. Makaa nayo yakawa haba kwa sheria za misitu, maana Wajerumani waliiweka misitu mingi chini ya mkono wa serikali, na hata mikoko ya Rufiji ikapata wasimamizi. Pasipo kupigwa marufuku kwa tangazo lolote, tanuri likanyimwa soko, watu na makaa kwa pamoja. Ufipa na Buhaya zilishikilia hata baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kisha zikaacha.

Vita vyenyewe vilileta chuma cha namna nyingine karibu na Mafia. Mwezi Januari mwaka 1915 Waingereza waliteka kisiwa hiki, wakakifanya kiwanja cha ndege za kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika midomo ya Rufiji. Na tarehe 11 Julai mwaka huo manowari hiyo ilipigwa hata ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa matopeni, ikakokotwa na watu hata nchi kavu, na katika karakana ya reli ya Dar es Salaam ikatengenezewa magurudumu ili itumike vitani bara. Gamba la manowari lilikaa mtoni nusu karne, hata lilipokatwakatwa katika miaka ya 1960 na kuuzwa kuwa chuma chakavu.

Nimeitaja manowari kwa sababu inaonyesha mwenendo wa chuma tangu zama za ukoloni hata leo: kiliingia kikiwa kitu kilichokwisha tengenezwa, kikatumika, kikavunjika, ndipo mhunzi alipokipata. Mhunzi wa Mafia aliacha kupokea bonge la chuma ghafi kutoka bara, akapokea mabaki ya meli, ya reli na ya magari. Myeyushaji alikufa, mfuaji akaishi. Wala kuishi kwake si jambo dogo, kwa kuwa ujuzi wa kusoma rangi ya moto, wa kujua chuma kipi ni laini na kipi kina pua, na wa kukitia maji kwa kadiri isiyokivunja, ndio ujuzi ule ule uliokuwamo katika kazi ya zamani.

Mahali pa kuuona ujuzi huo ni kando ya mafundi wa vyombo, na Chole imejulikana miaka mingi kwa mafundi hao. Tangu ushonaji wa kamba ulipoacha nafasi kwa jahazi na mashua za msumari, mjenzi wa chombo amekuwa mteja mkubwa wa mhunzi. Mjenzi hufika na kusema, "Fundi, naomba misumari ya inchi tano, na ya inchi saba ya kwenye mkuku," wala hahitaji kueleza zaidi. Mhunzi hutwaa kipande cha nondo ya ujenzi, akakilaza katika makaa, na kijana mvuta mivukuto huikandamiza kwa zamu, mmoja ukishuka mwingine ukipanda, ili pumzi isikatike. Chuma huwa chekundu kama damu, kisha rangi ya chungwa, na kinapokaribia manjano hushikwa kwa koleo na kuwekwa juu ya fuawe, ambayo huenda ikawa kipande cha reli. Nyundo hukipiga pande nne kwa kukigeuza robo baada ya robo, mpaka kinakuwa na pembe na kuchongoka. Kisha hukatwa kwa patasi, kikatumbukizwa katika tundu la bamba zito, na ncha iliyobaki juu ikapigwa hata ikatawanyika kuwa kichwa. Kazi yote haizidi muda wa kukoka moto wa chai, nao msumari hutupwa kando upoe polepole, pasipo maji, ili ubaki laini.

Ulaini huo una maana yake. Fundi wa chombo hutoboa ubao kwanza kwa keekee, akauzungushia msumari uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa chake ili maji yasipite, akaupigilia hata ncha yake itokeze upande wa pili wa taruma, na hapo akaikunja ilale juu ya mti. Msumari mgumu ungekatika katika kukunjwa. Na zile pembe nne za shina lake hushika mti wa mwembe au mvinje kwa nguvu ambayo msumari wa duara wa dukani hauna, kwani wa duara huzunguka katika tundu lake chombo kinapotikiswa na mawimbi ya kusi. Kwa hiyo, ingawa misumari ya kiwanda imejaa madukani Kilindoni, yupo bado mjenzi anayekwenda kwa mhunzi, na akiulizwa sababu hutaja pembe nne hizo kabla hajataja bei.

Kwa makali, mhunzi huchagua chuma kingine kabisa. Springi ya lori iliyovunjika, ambayo kwa mwenye lori haina tena thamani, kwake ni feleji: huikata kwa moto, akaifua nyembamba, akaipinda mfano wa mwezi mchanga kwa kotama ya mgema, au akaitia meno kwa tupa ikawa ulimi wa mbuzi. Kisha huipasha tena mpaka makali yake yawe mekundu sawasawa toka ncha hata mpini, akaitia majini kwa upande wa makali peke yake, akaitoa na kuitazama rangi ikirudi kutoka mgongoni: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Katika kahawia huizima kabisa. Akichelewa hata ikafika zambarau kotama itapinda, akiwahi itameguka juu ya mnazi, na mgema aliye juu ya mnazi wa mita 20 hawezi kuteremka kila mara kwenda kunoa au kutafuta nyingine. Ndiyo maana wagema humchagua mhunzi wao mmoja, wakamrudia yeye huyo kila kotama inapokwisha ulimi.